Haragwe Jeusi

Songo, Uvira
12 Februari 2023

Kwako Shangazi, Sista Capitoline,

Nakuamkia kwa heshima, na nyumba nzima inakuamkia. Mama Sidonie yuko, goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Juzi amemsomea mbuzi wa jirani mashtaka yake yote mpaka mwenye mbuzi akaja kuomba msamaha. Dada Jolie amejifungua salama. Ni msichana, na amepewa jina lako. Kwa hiyo sasa tuna Capitoline wawili, mmoja anasali usiku na mwingine analia usiku.

Mimi bado natengeneza sabuni. Mawese ya Makobola yamekuwa mazuri mwaka huu, na vipande ninavyokutumia kwa mkono wa Gédéon wa boti vimekauka vizuri. Mnifulie navyo nguo za altare, mniambie kama vinatoa povu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa maana nikizunguka zaidi karatasi itaisha.

Wiki iliyopita Padri aliniita baada ya mazoezi ya korali. Damien, prezida wetu, alikuwa amekaa pembeni akitazama viatu vyake. Padri akasema, “Onesphore, weye uko mwanaume muzima sasa. Batu banauliza. Bibi iko wapi?” Ningeweza kutoa jibu langu la miaka yote, kwamba Mungu hajanipatia mke bado. Lakini jibu hilo limechakaa kama kaptula ya shule, na siku hiyo ulimi ulikataa kulivaa. Nikamwambia, “Padri, bibi haitakuja. Minye niko napenda wanaume. Ni vile niko, tangu utoto.”

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akasema, “Basi upumzike kuimba kwanza.” Wimbo wa mshumaa mwaka huu ataimba Damien.

Shangazi, unajua wimbo huo ni nini kwetu. Babu Onesphore Nsengiyumva, katekista, aliuimba mbele ya mshumaa mkubwa wa Pasaka mpaka meno yakamwisha. Ukauimba wewe. Kisha, kabla hujaingia monasteri, ukanifundisha jikoni, mimi mtoto wa miaka tisa, ukinipigia mwendo kwa kidole juu ya ungo. Sijawahi kuimba pale penye nyuki, pale wimbo unapowasifu kwa nta ya mshumaa, bila kusikia kile kidole.

Acha nikuambie pia nilivyojifunza kusali, kwa sababu hilo halikutoka kwako. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa na neno moja ambalo sikuweza kumwambia mtu yeyote duniani. Nilikuwa nikitumwa maji kwenye robine, bomba la mtaa, jioni, nasimama kwenye foleni na bidoni langu, na wenzangu wakizungumza wasichana mimi nazungumza na Mungu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: Unajua. Basi. Sikumwomba kitu, sikumsifu. Unajua. Kisha nangoja fimbo. Kila jioni nilingoja fimbo, Shangazi, na fimbo haikuja. Badala yake nilihisi kama mtu amesogea kidogo kwenye benchi ili nikae. Nilishangaa, na mpaka leo bado nashangaa.

Rémy, yule mwalimu mwenye sauti ya chini, alioa mwaka jana huko Kalundu. Niliimba kwenye misa yake ya ndoa. Hilo nitaliacha hapo.

Nakuuliza jambo moja. Niendelee kuimba, au ninyamaze? Wimbo ni wako na wa baba yako. Ukisema nyamaza, nitanyamaza, na sitakuuliza kwa nini.

Mimi mtoto wako,
Onesphore

*

Monasterini, Kalemie
14 Aprili 2023

Baba yangu Onesphore,

Nakuita Baba kwa kuwa una jina la baba yangu, na Kristo amefufuka. Barua yako ilichelewa. Boti la Gédéon liliharibika moteri, likafika baada ya Jumatano ya Majivu, na unajua kwetu Kwaresima barua hazifunguliwi. Zinakaa kwenye kikapu mpaka Pasaka.

Nimefurahi juu ya mtoto. Mwambie Jolie asimfunge sana nguo, joto la Uvira lina hila. Mama Sidonie achue goti na mafuta ya moto. Sabuni inatoa povu zuri.

Huku tuko salama. Kazi ya kuoka hostia za misa ni nyingi, parokia zote zinataka. Unga ulikuwa mkavu, na hostia ikikatwa ikiwa kavu huvunjikavunjika. Lazima uiache kwanza ipate unyevu. Vijana siku hizi wanataka kukata haraka. Macho yangu yamezidi kuwa na ukungu, lakini mikono inajua njia.

Nakutumia vipande vya pembeni vya hostia, watoto wa jirani wanavipenda.

Nakuombea.
Shangazi yako,
Sista Capitoline

*

Songo, Uvira
4 Juni 2023

Shangazi,

Salamu. Wote wazima. Mtoto ameanza kucheka. Vipande vya hostia vilifika, watoto wamevimaliza mlangoni hata kabla sijafungua karatasi vizuri.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimesoma habari za unga, za goti, za povu. Nikageuza karatasi nyuma, labda umeandika huko. Hakuna. Nimeelewa. Nilisema sitauliza kwa nini, na siulizi. Tangu barua ilipofika sijaimba. Nakoroga sabuni kimya, na Mama ananitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyochemka.

Lakini lazima ujue kwamba niliimba mara moja kabla jibu lako halijafika, ili usije ukasikia kwa wengine ukadhani nilikudharau.

Jumamosi Kuu sikutaka kukaa Songo. Huku mkesha siku hizi unafanywa mchana, kwa ajili ya usalama, na ningemsikia Damien kupitia ukuta wa kanisa. Kwa hiyo nikaenda Makobola kuchukua mawese. Mwenye mawese hakuwepo, nikakaa ufukweni kumngoja, karibu na wanawake waliokuwa wakianua ndagala zilizokauka mchangani. Unakumbuka kwetu jua linavyozama nyuma ya mlima wakati bado ni mapema. Kivuli kilishuka mlimani, kikapita juu ya nyumba, kikapita juu yetu, kikaingia ziwani. Ng'ambo, vilima vya Burundi vilibaki vinawaka peke yake, vyekundu, kana kwamba huko kuna mtu ameshika mshumaa na sisi tumesimama upande wa giza.

Sikuamua kuimba. Nilisikia tu sauti ikianza, nikajua ni yangu. Nikaimba kutoka mwanzo, bila mshumaa, bila joho, na mikono inanuka mawese. Nilipofika penye nyuki nililia, lakini sauti haikukatika. Wanawake waliacha kuanua. Hata watoto waliokuwa majini walisimama. Shangazi, nisikudanganye, sikuwa naimba mimi. Nilikuwa naimbwa. Kitu kikubwa kilikuwa kinapita, na mimi nilikuwa tundu tu la kupitia.

Nilipomaliza, mama mmoja mzee, Mmetodisti, aliniuliza, “Weye kijana, iyo wimbo iko ya wapi?” Nikamwambia ni ya Pasaka ya Wakatoliki. Akasema, “Ya Bakatoliki, ya nani, minye siko na shida nayo. Rudilia mwisho. Mwisho sikusikia muzuri, nilikuwa nalia.” Nikarudilia.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho. Nilidhani uijue.

Onesphore

*

Monasterini, Kalemie
20 Julai 2023

Baba yangu,

Salamu za amani kwako, kwa Sidonie, kwa Jolie, kwa mwenzangu wa jina. Kiangazi kimeingia, ziwa limetulia, na nyani wametuibia mahindi yote ya upande wa juu.

Barua yako imeniondolea usingizi. Hujaelewa vizuri, na kosa si lako. Nilikuficha jambo lililotokea, kwa sababu niliona haya. Sasa nakuambia.

Jumatatu ya Pasaka kikapu cha barua kinaletwa mezani. Ni siku yetu ya kuongea na kula keki. Kawaida yetu ya zamani ni kwamba kila mmoja anasoma barua ya kwao mbele ya wenzake, wote wafurahi naye, kwa sababu hatuna tena kwetu wala kwenu. Mimi kwa macho haya siwezi kusoma. Barua yako nilimpa Libérate, mdogo wetu kuliko wote, mtoto wa Runingu, asome kama anavyosoma siku zote. Nilitaka wasikie habari za mbuzi. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia, “Ngojeni, huyu anajua kuchekesha.”

Wakacheka kwa mbuzi. Wakapiga makofi kwa mtoto. Kisha Libérate akafika kwa Padri na swali lake, akasoma jibu lako kwa sauti ile ile, kabla akili yake haijamwambia anachosoma. Halafu akaishusha karatasi. Sista wa jikoni akatoka mbio kuangalia sufuria, na moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Mama Mkuu akasema, “Libérate, barua ya muntu haina nusu. Soma.” Akasoma yote, mpaka jina lako.

Baada ya hapo aliyesema wa kwanza ni Sista Edwije. Huyo ndiye mzee wetu, yuko humu tangu ujana wake, na masikio yamemwisha, hasikii ila anayesoma karibu na sikio lake kama Libérate siku ile, kwa hiyo hasemi, anapiga kelele. Akasema, “Rudilia pale pa fimbo!” Libérate akarudilia: ulingoja fimbo, fimbo haikuja. Edwije akaweka keki chini. Akasema, “Minye nimetafuta sala fupi kuliko zote tangu nikiwa mwali. Nimesoma vitabu. Nimefunga. Kumbe mutoto wa bidoni aliipata kwenye foleni ya maji.”

Tangu siku hiyo, jioni, wakati wa sala ya kimya, Edwije anasali sala yako. Yeye anadhani ananong'ona. Chapeli nzima tunamsikia: “Unajua.” Halafu kimya. Halafu tena: “Unajua.” Mwanzoni wadogo walikuwa wanaziba mdomo wasicheke. Sasa hakuna anayecheka. Jana alikuwa mgonjwa, hakuja, nikasikia sauti nyingine gizani ikisema neno hilo mahali pake, na kisha nyingine upande wa pili. Huku juu ya kilima, wanawake ambao hawajawahi kukuona wanamwendea Mungu kwa kupitia robine ya Songo.

Libérate anasema altare inanukia vizuri zaidi tangu sabuni yako. Mama Mkuu anasema uimbe. Anasema kunyamazisha alichoanzisha Mungu si kazi anayoitaka yeye.

Nisamehe kwamba siri yako imesikiwa na watu wengi hivyo. Haitatoka nje ya ukuta huu. Kuta zetu ni nene.

Shangazi yako,
Sista Capitoline

*

Songo, Uvira
3 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua ya kwanza imenyesha jana, ikaingia kwenye sabuni iliyokuwa inakauka. Nimepata supu ya povu uani. Mtoto anatambaa.

Niliposoma barua yako nilikaa chini kwenye udongo. Kwanza niliona haya ya kufa. Nikafikiri, mimi niliyeficha neno hili tangu utoto, limesomwa mezani pamoja na keki! Halafu nikacheka peke yangu mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kama nimelewa. Nilimsomea mahali pa Sista Edwije. Mama anajua, nilimwambia siku ile ile niliyomwambia Padri. Hajasema mengi. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, “Uyo mumama iko na akili,” akarudi kwenye maharage yake.

Jioni nilienda kwenye robine ile ile. Siku hizi kuna bomba jipya lakini foleni ni ile ile ya mabidoni ya manjano. Nilisimama bila bidoni. Nikafikiri kwamba saa hiyo hiyo, chini huko kusini kwa ziwa hili hili, kizee kiziwi kinalitamka neno langu. Sikuweza kusali. Niliogopa, lakini woga mzuri, kama mtu aliyegonga mlango mdogo akafunguliwa akaona nyumba haina mwisho.

Nimeanza kuimba tena. Si kanisani, kwenye sufuria za sabuni. Majirani wanavumilia.

Lakini nina swali, na nakuomba usiligeuze kuwa unga. Umeniambia alichosema Edwije. Umeniambia alichosema Mama Mkuu, na Libérate, na hata yule aliyekimbilia sufuria baridi. Wewe, Shangazi, ulisema nini?

Onesphore

*

Monasterini, Kalemie
24 Novemba 2023

Baba yangu,

Salamu kwa nyumba nzima. Naandika upesi kabla Majilio hayajafunga barua tena. Anayeandika ni mkono wangu mwenyewe, ukiona mistari inapanda mlima ujue ni macho. Daktari wa mjini anasema yanaweza kupasuliwa. Nimemwambia angoje kwanza nimalize kuona ninayoyaona.

Nina habari. Padri wetu mzee anayetusalia misa amepatwa na ugonjwa wa koo, hawezi tena kuimba. Libérate alisimama kwenye mkutano wetu, na huyo ni mtoto ambaye huwa hathubutu hata kuomba chumvi, akasema, “Mbona tusimwite yule wa Uvira atuimbie wimbo wa mshumaa? Kuwa padri si lazima kwa kuimba. Kuwa na sauti ndiyo lazima.”

Jambo la kumwingiza mgeni katika sala yetu kubwa tunalipigia kura. Hatunyooshi mikono, maana mkono una mwenyewe. Kila sista anapewa haragwe jeupe na haragwe jeusi. Chungu kinapita kikiwa kimefunikwa kitambaa, unaingiza mkono, unaacha moja. Jeupe ni aje, jeusi ni asije. Lile lililobaki mkononi unalirudisha kwenye mfuko gizani, na hakuna anayeuliza.

Mama Mkuu alimwaga chungu mezani. Meupe, meupe, meupe. Na jeusi moja.

Jeusi moja halizuii. Lakini kawaida yetu ni kwamba mgeni lazima aambiwe hesabu ilivyo, ili aje akijua nyumba anayoingia, asije akadanganywa na ukarimu. Ndiyo maana nakuambia. Unaitwa, na kuna mmoja ambaye hakukuita. Haragwe halina jina, kwa hiyo usiniulize.

Ukikubali, uje kabla ya Alhamisi Kuu. Utalala nyumba ya wageni. Tutakuwa nyuma ya kimia cha mbao, hutatuona, lakini tutakusikia.

Swali lako nimelipata.

Shangazi yako,
Sista Capitoline

*

Songo, Uvira
28 Januari 2024

Shangazi,

Heri ya mwaka. Capitoline mdogo ametembea hatua zake za kwanza, moja kwa moja mpaka kwenye sufuria ya mawese, akanyakuliwa na mama yake hewani. Ziwa limejaa, watu wa chini wanaanza kusema litapanda mpaka nyumbani kwao. Goti la Mama linasema vivyo hivyo.

Nilikaa na barua yako tangu Desemba. Mama alikuwa na maoni. “Nyumba yenye muntu hata mumoja anakukataa, huendi. Utakula chakula yao na iko mumoja anakuhesabia tonge.” Damien pia nilimwambia, maana alikuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu siku ile ya viatu. Halafu akaniomba nimfundishe pale penye nyuki. Anasema mwaka jana alipotelea hapo. Nilimfundisha, kwa kidole juu ya ungo. Sikuwa na moyo wa kumkatalia wimbo eti kwa kuwa mimi nimekatazwa.

Nitakuja. Kwa nini nakuja, sitakuandikia.

Nina ombi moja kwa Mama Mkuu. Usiku wa Pasaka, mwenye haragwe jeusi asikae nyuma. Silitaki jina lake. Nataka tu akae pale karibu na kimia, mahali ambapo sauti inafika vizuri.

Mtoto wako,
Onesphore

*

Monasterini, Kalemie
8 Aprili 2024

Baba yangu, Onesphore wangu,

Kristo amefufuka, na bila shaka boti limekufikisha. Umesahau kofia yako nyumba ya wageni. Edwije ameikalia, anasema ni mto wake.

Safari hii sina habari za unga.

Jumatatu ya Pasaka tulipoongea kupitia kimia ulinisimulia boti, na kichefuchefu, na Damien. Nilikungojea uniulize tena, hukuuliza. Ukaondoka. Nami mdomo wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo nitaandika.

Nilikaa karibu na kimia, kama ulivyoomba.

Haragwe jeusi lilikuwa langu.

Siku ile barua yako iliposomwa mezani, wote walisema kitu, na mimi sikusema kitu chochote. Hilo ndilo jibu la swali lako. Nilikunja mikono nikatazama makombo ya keki. Wanawake wasiokuzaa, wasiokubeba, walikupokea kabla chai haijapoa. Mimi niliyekubeba mgongoni tangu Songo mpaka sokoni, nilinyamaza. Na chungu kilipopita, mkono wangu ulijua haragwe lipi ni lipi. Jeusi lina ngozi laini zaidi. Sikukosea kwa sababu ya macho.

Utafikiri ni kwa sababu unapenda wanaume. Nilijiambia hivyo pia, ilikuwa rahisi. Lakini tumeishi wanawake watupu humu muda mrefu, na nimeona mapendo ya kila namna yakisalimishwa kwa Mungu, na mengine ni yangu, na sitayaandika. Si hilo. Ni robine, mwanangu. Nilikuacha ukiwa na miaka tisa, ulilia ukashika sketi yangu, nikaitoa mikono yako kidole kwa kidole, kwa sababu nilikuwa naenda kumtafuta Mungu. Nimeamka kila usiku kumtafuta. Nimemtafuta kwa baridi na kwa njaa. Kumbe yeye hakuja nami kilimani. Alibaki Songo, kwenye foleni, akimsogelea mtoto niliyemwacha. Nilimwonea wivu mtoto. Nilimkasirikia Mungu. Na sikuthubutu kumwambia yeyote, hata yeye.

Sasa nikuambie nilichosikia.

Giza lilipokuwa linaingia waliwasha mshumaa, na kwa macho yangu haya sikuona chapeli, wala kimia, wala wewe. Niliona doa moja la mwanga linalotetemeka. Halafu sauti ikatoka ndani ya lile doa. Kwanza nilimsikia baba yangu, wazi kabisa, kana kwamba meno yake yamerudi. Kisha nikasikia mahali nilipokufundisha mimi, kila pumzi mahali pake. Nikajivuna kidogo, nakiri. Lakini ulipofika penye nyuki ulifanya jambo ambalo hatukukufundisha. Pale baba yangu alikuwa anapandisha sauti, na mimi nilipandisha, kama wenye nyumba wanaokaribisha wageni kwenye karamu yao. Wewe uliishusha. Uliimba kama mtu aliyesimama nje mlangoni muda mrefu, hana hakika, na mlango unafunguliwa mbele yake. Uliimba mshangao wenyewe. Nikaelewa kwamba wimbo huo umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mlangoni, na sisi wawili, baba yangu na mimi, tuliuimba maisha yetu yote kutoka sebuleni.

Nikasikia Edwije nyuma yangu, kiziwi yule ambaye hakuwa amesikia hata noti moja, akipiga kelele yake ya kunong'ona: “Unajua.” Na mdomo wangu ukafunguka. Sala hiyo nilikuwa sijawahi kuisali. Nilisema, Unajua. Wivu wangu, na hasira, na vidole vyako kwenye sketi. Unajua. Kisha nikangoja fimbo.

Mwanangu, haikuja.

Sijui utanitazama vipi sasa. Ukinyamaza, sitauliza kwa nini.

Shangazi yako,
Capitoline

*

Songo, Uvira
5 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Salamu za wote. Maji yamepanda kweli. Kalundu boti zinafunga kamba mahali ambapo mwaka jana watu walikuwa wanauza nyanya, na barua hii Gédéon ameipokea akiwa kwenye maji mpaka kiunoni, ameishika juu ya kichwa. Kwetu Songo hayajafika. Mama Sidonie anayaonya kila asubuhi. Capitoline mdogo ameanza kuimba, hana maneno bado, anapiga ungo kwa kidole. Hakuna aliyemfundisha, alimwona Damien.

Nakutumia sabuni; ile kofia yangu, Sista Edwije aendelee kuikalia. Daktari wa macho usimcheleweshe tena.

Kuhusu haragwe, nililitambua siku ile ile barua yako ya Novemba ilipofika. Uliandika kwamba swali langu umelipata, ukaacha nafasi chini yake, na nafasi hiyo ilikuwa nyeusi. Sikukuuliza kwenye kimia kwa sababu sikuwa nimekuja kuuliza.

Wale wa meupe walikwisha kunisikia kutoka kwenye karatasi, Shangazi. Kwao nisingepanda boti nikatapika mpaka Kalemie. Nilikuja kwa ajili ya lile jeusi.

Mtoto wako,
Onesphore